Sijui Si Jibu

Asubuhi ya Jumatano wavu ulirudi mtupu kwa mara ya nne, na wanawake wote wa kijiji cha Nalobu wakamwangalia Unaisi.

Hawakumkodolea macho. Walijifanya wanakamua sulu, zile nguo walizojifunga kiunoni, wanachomoa mwani ulionasa kwenye matundu ya wavu, lakini kila aliyemaliza kukamua aliinua macho, na macho yakatua mahali pale pale, tumboni kwa Unaisi. Yeye alikuwa bado majini, kashika ncha yake ya wavu, maji yakimfika magotini. Matiti yalimuuma hata blauzi iliyolowa ikawa mzigo. Siku zake zilikuwa zimechelewa siku sita, na hakuna aliyejua ila yeye na Mungu.

"Harusi ni Jumamosi," akasema Bibi Laite, mkuu wa wavu wa wanawake tangu wengi wao hawajazaliwa. "Wageni mia tatu wanakuja na kwaya yao, na sisi hatuna hata samaki wa paka. Sasa nauliza kwa upole. Nani ana kitu hajatuambia?"

Mwanamke anayeficha mimba huharibu mambo ya watu. Hilo Nalobu halibishaniwi. Majimbi aliyoyapanga yeye kwenye tanuri la udongo hutoka mabichi, nywele alizozikata yeye hazioti tena, na samaki huukimbia wavu alioushika. Dawa yake ni moja tu, aseme. Akishasema, mambo yanarudi kama kawaida, tena mwenyewe anapewa kichwa cha samaki na mahali pa kivulini.

"Hakuna aibu," Bibi Laite akaendelea. "Aibu ni kuwalisha wakwe muhogo mkavu. Litia?"

"Bibi, mume wangu yuko melini tangu Krismasi. Labda iwe imekuja kwa posta."

Wakacheka. Bibi Laite akawapitia walioolewa mmoja mmoja, na kila mmoja akakana. Wasichana walisimama kando na vikapu vyao, akiwemo Kelera, bibi harusi mwenyewe, mdogo wake mume wa Unaisi. Hao Bibi Laite aliwaruka. Wasichana hawaulizwi. Kumuuliza msichana swali hilo ni kumtukana mama yake mbele za watu.

"Unaisi?"

Kicheko kikakatika. Unaisi akaangalia mchanga. Angesema ndiyo, na ikawa siyo, angekuwa amewadanganya mara ya pili. Angesema hapana, na ikawa ndiyo, harusi ya wifi yake ingeharibika kwa mkono wake.

"Sijui, Bibi."

"Sijui si jibu, mwanangu. Mwanamke ana kitu au hana."

"Sijui kweli."

Hapo mama mkwe wake, Vilimaina, akatua kikapu chake chini kwa kishindo. Vilimaina alikuwa mjane mrefu, mkavu, asiyeinua sauti, na kila alichokisema kilifika. "Mjibu Bibi vizuri," akasema. "Usituaibishe tena."

Neno lililomchoma Unaisi lilikuwa hilo *tena*.

"Hapana," akasema. "Sina."

*

Mwaka jana alisema ndiyo. Alichelewa siku nane, matiti yanauma, asubuhi moja akatapika chai, na kwa kuwa alikuwa mke wa miaka minne asiye na mtoto, furaha ikamtangulia mbele. Alisema Jumatano. Alhamisi Vilimaina akachinja nguruwe, mikeka ikatandikwa, ukoo mzima ukala na kuimba. Jumapili kanisani Unaisi akahisi damu inashuka wakati kiitikio cha pili kinaanza, akakaa vile vile mpaka mwisho wa ibada kwa sababu alikuwa amevaa nyeupe.

Nguruwe alikuwa ameshaliwa. Tangu siku hiyo binamu wa mumewe, Waisake, watani wake wa kuzaliwa, hawakumwachia nafasi. "Waisake, mtoto hajambo? Ameota mkia?" Naye Waisake alicheka nao, kwa sababu utani haukasirikiwi, halafu akirudi nyumbani alikaa akinoa panga ambalo tayari lilikuwa kali.

Alimpenda mume huyo mpaka akajiogopa. Waisake alimfuata juu milimani Navosa akiwa hana kitu ila suruali moja na maneno machache, akamleta pwani kwa watu wake, akakataa kumsikiliza mama yake aliyesema mwanamke wa milimani hajui bahari wala bahari haimjui. Jumatatu hii alikuwa amekwenda shambani kwake, mwendo wa saa tatu, kuchimba mizizi ya yaqona, ile inayopondwa kuwa kinywaji cha harusi. Wakati wa kuagana alimtazama usoni kwa muda. "Una neno?" aliuliza. "Sina," alijibu Unaisi, na mumewe alipogeuka alitamani kumkimbilia amwambie yote. Hakumkimbilia. Safari hii asingempa tumaini ambalo angekuja kulifua bafuni.

*

Mchana wa Jumatano Unaisi alitembea hadi zahanati ya kijiji cha pili, kajifunika kichwa kwa taulo kana kwamba anakwenda kutibiwa jino.

Sista Roshni, muuguzi, mwanamke wa mji wa Labasa mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika kitu. "Nikwambie ukweli kwanza," akasema. "Vipimo vya mkojo vimeisha tangu wiki iliyopita. Boti ya Ijumaa ndiyo inaleta boksi."

"Ijumaa ni mbali, Sista."

"Ni keshokutwa."

"Ni mbali."

Sista Roshni akamwangalia juu ya miwani, akavuta kiti karibu. "Haya. Matiti?"

"Yanauma."

"Mwezi uliopita, kabla ya damu, yaliuma?"

"Yaliuma."

"Basi hayo hayatuambii kitu. Tumbo la chini?"

"Linavuta. Kama siku zangu zikikaribia, hivyo hivyo."

"Nalo limenyamaza. Uchovu?"

"Nasinzia nikisuka mkeka."

"Hedhi inachosha, mimba inachosha, na mama mkwe anachosha kuliko zote mbili."

Unaisi alikaribia kucheka, ikatoka sauti nyingine. Sista akamwachia afute macho kwa taulo lake.

"Ndiyo maana nyingi ya dalili hizi zinadanganya, Unaisi. Si kwamba wewe ni mjinga. Zinafanana kweli. Niambie kichefuchefu."

"Juzi mafuta ya taa yalinichefua. Mara moja."

"Cha mimba mara nyingi hakiji mara moja kikaaga. Kinarudi kesho na kesho kutwa, wiki kadhaa. Halafu mtu anakwenda haja ndogo kila saa. Matiti hayaishii kuuma, yanajaa, nguo zinabana kifuani kabla tumbo halijaonekana, na chuchu na duara lake vinaiva rangi. Ya hedhi yanauma tu, na damu ikishatoka yanalegea."

"Na damu?"

"Damu ndiyo inayowadanganya wengi. Kuna wanaotokwa na matone mimba inapojishika, ya waridi au ya kahawia, siku moja mbili, hayajazi kitambaa. Mtu anaona anasema basi, zimekuja, kumbe sivyo. Hedhi nayo huanza kidogo, lakini inapanda. Ila nisikilize. Kuhisi si kupima. Hata wasiwasi peke yake unachelewesha siku. Njoo Ijumaa. Na ukitokwa na damu nyingi na maumivu makali ya upande mmoja, usingoje Ijumaa, njoo hata kwa kubebwa."

Njiani kurudi Unaisi aliyarudia maneno yale moja moja. Alipofika nyumbani mama mkwe wake alikuwa barazani anasuka pindo la mkeka wa harusi, na alijua tayari alikotoka.

"Jino limepona?" Vilimaina akauliza bila kuinua kichwa.

"Mama, mimi..."

"Ulimwambia Bibi hapana. Kisha unakimbilia kwa Sista. Mtu asiye na kitu anakwenda kutafuta nini kwa Sista?"

"Nilitaka kujua."

"Miaka mitano unataka kujua." Vidole vyake havikusimama. "Sikiliza, Unaisi. Sina chuki na wewe. Wewe ni mchapakazi, na gauni ulilomshonea Kelera hata mjini hawana. Lakini mwanangu wa kiume ni mmoja. Kesho wavu ukirudi mtupu, utapanda lori la mchana, urudi kwenu Navosa. Na usitegemee kufuatwa."

Unaisi alielewa. Mke aliyerudi kwao hafuatwi mikono mitupu. Hufuatwa na jino la nyangumi, nalo la ukoo lilikuwa ndani ya sanduku la Vilimaina, funguo shingoni mwake. Bila jino, Waisake angefika Navosa na kukalishwa nje kama mpita njia.

"Waisake hayupo, Mama. Mngojee basi arudi."

"Akiwepo hataniachia nikwambie," akasema Vilimaina, na kwa mara ya kwanza vidole vyake vikasimama. "Ndiyo maana nakwambia leo."

*

Jioni, bafuni, Unaisi aliona tone kwenye kitambaa chake. Tone moja, la kahawia, dogo kuliko ukucha wa mtoto.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakiangalia kile kitambaa mpaka mwanga ukapungua. Mwaka jana angelia. Sasa alikuwa na maneno ya Sista mkononi: kahawia, matone, hayajazi kitambaa. Akaweka viganja viwili tumboni. Alijiambia asitumaini, na huku anajiambia, tayari alikuwa anahesabu miezi. Mtoto angezaliwa wakati wa machungwa. Angekuwa na kidevu cha Waisake chenye kovu, ingawa kovu lile lilitokana na panga na mtoto hawezi kurithi kovu.

"Kaa," alilinong'oneza tumbo lake. "Nakuomba. Kaa tu."

Alfajiri aliamshwa na maumivu anayoyajua, yale ya kiuno yanayozunguka mbele. Kitambaa kilikuwa kimejaa. Cha pili kikajaa kabla jua halijatoka, na alipojigusa kifuani, maumivu ya matiti yalikuwa yameondoka. Hakuhitaji Ijumaa. Hakuhitaji boti wala boksi.

Alivifua vitambaa vyake kwenye ndoo, akauma taulo ili asisikike.

Baadaye, anakamua, wazo jingine likamjia, baridi na safi. Alikuwa na ushahidi. Si yeye aliyeharibu wavu. Angemwita Bibi Laite bafuni amwonyeshe ndoo, na hakuna mtu Nalobu angeweza kumpandisha lori. Kwa nini aondoke? Mwanamke mwenye damu hana cha kuficha. Akavichukua vitambaa akavianike kwenye kamba nyuma ya nyumba, ile kamba anayotumia yeye na Kelera, na hapo mikono yake ikasimama hewani.

Kamba ilikuwa yake peke yake. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho vitambaa vya Kelera vilining'inia pale. Mwezi huu havikuwepo. Mwezi uliopita alikuwa mgonjwa wa tumbo, alisema. Na ule wa nyuma yake?

*

Saa moja asubuhi Kelera alikuja chumbani kujaribu gauni. Lilikuwa la hariri nyeupe, na juu yake mapande ya masi, lile gome lililopondwa na kuchorwa kwa mkono. Unaisi alilikata kwa vipimo vya wiki saba zilizopita.

"Vuta pumzi," akasema Unaisi.

"Nimevuta."

Kiunoni gauni lilikaa bila kasoro. Kifuani halikufunga, palibaki mwanya wa vidole vitatu. Unaisi akajaribu tena, taratibu, na Kelera akaguna kwa maumivu.

"Wifi, nimenenepa," Kelera akasema haraka. "Ni mihogo ya mama."

"Mihogo imekwenda kifuani tu?"

Jikoni Vilimaina alikuwa ametia kitunguu kwenye mafuta ya nazi, na harufu ilipoingia Kelera akafunga mdomo kwa kiganja, akageukia dirishani. Alikuwa amefanya hivyo jana, Unaisi akakumbuka. Na juzi, pwani, alitoka mara mbili kwenda vichakani kabla wavu haujavutwa. Mkono wa Kelera ulikuwa kwenye wavu ule siku zote nne.

Ilikuwa ajabu ya kuumiza. Miaka mitano Unaisi alizisoma dalili hizi mwilini mwake kwa taa ndogo, herufi kwa herufi, akikosea kila mwezi. Sasa zilikuwa mbele yake, kubwa, hazina shaka yoyote, kwenye mwili wa mtu mwingine.

"Miezi miwili?" akauliza.

Kelera akashuka magotini, gauni na yote. "Ni wa Mosese. Naapa, wifi, ni wa mchumba wangu mwenyewe, sijawahi kumjua mwingine."

"Nyanyuka, utachana masi."

"Baba yake ni mchungaji. Mama yake amesema mbele ya watu kwamba bibi harusi wa mwanawe ataingia mlango wa mbele. Wakijua, nitaozwa mlango wa nyuma Jumatatu asubuhi, bila kwaya. Mama atakufa. Unamjua mama. Atakufa kwa aibu kabisa."

"Na mimi? Leo mchana napandishwa lori. Ulikuwepo jana. Ulinisikia naulizwa, ukashika kikapu chako."

"Nilitaka kusema."

"Hukusema."

"Sikusema." Kelera alikuwa analia bila sauti, jinsi walivyojifunza wote katika nyumba ile. "Nilidhani na wewe unayo. Nilimwomba Mungu na wewe uwe nayo, ili wakupate wewe na ufurahi, na mimi nipite. Unayo, wifi?"

Unaisi akachukua kisu kidogo cha kushonea, akaanza kufumua mshono wa kifuani. Alifumua inchi nyingi kabla ya kujibu.

"Sina. Zimekuja alfajiri."

Kelera akauficha uso wake kwenye sulu ya Unaisi. "Basi waonyeshe," akasema humo humo. "Waonyeshe. Ni haki yako. Wakimaliza walioolewa wataanza na wasichana, na mimi siwezi kusema uongo nikiulizwa na Bibi."

Chini ya dirisha wanawake walikuwa wanaitana kwenda pwani. Unaisi alimtazama binti huyu aliyemlea tangu ana miaka kumi na tano, ambaye kwa miaka mitano ndiye pekee aliyemwita wifi kwa upendo na si kwa mazoea. Alijiona akiinyanyua ndoo. Alijiona akibaki na Waisake. Alitaka hivyo kwa moyo wote na hakujidanganya kwamba hataki.

*

Pwani Bibi Laite hakupoteza muda. "Nitauliza mara ya mwisho. Wakikana walioolewa, nitauliza kila anayevaa sulu."

Nyuma ya vikapu Kelera alikuwa mweupe midomo.

"Ni mimi," akasema Unaisi.

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Vilimaina aligeuka taratibu.

"Jana ulisema huna," Bibi Laite akasema.

"Jana nilikuwa naogopa, Bibi. Kwa ajili ya mwaka jana. Sasa nasema. Ni mimi, nisameheni."

Alisimama hapo mbele ya wanawake arobaini, kitambaa cha tatu kikilowana chini ya nguo zake, na Bibi Laite akamwekea kiganja kichwani akasema amesamehewa. Wavu ukaingia majini. Ulipovutwa ulikuja na mikizi, wengi hata kamba ikakata viganja, wakimeta kama fedha mpaka ukingoni. Mimi siwezi kusema kama ni maji yaliyobadilika usiku ule, au ni kwa sababu siri ya Kelera ilikuwa imeshapata sikio moja asubuhi. Waulizwe mikizi. Wanawake wa Nalobu hawakuuliza. Waliimba, na Litia akambeba Unaisi mgongoni mpaka nchi kavu ili asikanyage mawe.

Vilimaina alitembea kando yake njia nzima akiwa kamshika kiwiko. Barazani alimtandikia mkeka mpya, ule ule aliokuwa akiusuka pindo kwa ajili ya harusi, akamkalisha. "Nimetuma watu wapande kumwita mumeo," akasema, na bila kutazamana naye, akainama akambusu shavuni, kwa pua, kama watu wao wanavyombusu mtoto mchanga.

Unaisi alidhani amepitia machungu yote. Busu lile hakuwa amelitarajia.

*

Waisake alifika alasiri, miguu imejaa tope jekundu la mlimani, shati limemgandama. Alikuwa amekimbia. Mlangoni akakohoa, kama alivyokohoa kila siku tangu utoto, ili dada yake kama yumo ndani apate kutoka kwa mlango mwingine. Kwao kaka na dada hawakai chumba kimoja wala hawasemeshani. Salamu zao hupitia kwa mtu wa tatu, na mtu huyo miaka mitano sasa ni Unaisi. Kuhusu mwili wa dada, kaka hasikii chochote. Afadhali umtukane.

Nyayo nyepesi zikapita uani, mlango wa nyuma ukafungwa.

Waisake akapiga magoti mbele ya mkewe. Alikuwa anacheka na kuhema kwa pamoja. "Nilijua," akasema. "Jumatatu nilijua una neno. Nimekuja njia nzima naongea peke yangu. Unaisi. Hebu nitazame."

Akamtazama. Uso ule alioupenda ulikuwa wazi kabisa, hauna ulinzi wowote, na ilimbidi auvunje.

"Funga mlango," akasema.

Akafunga.

"Hakuna mtoto, Waisake. Natokwa na damu tangu alfajiri."

Alikaa kama mtu asiyesikia. "Umeumia? Twende kwa Sista, nikubebe..."

"Sijaumia. Ni siku zangu. Zilichelewa, zimekuja. Nilipowaambia pwani kwamba ni mimi, zilikuwa zimeshakuja."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukasema ndiyo." Alisimama, akaenda hadi ukutani, akarudi. "Mama amefungua sanduku, Unaisi. Binamu zangu wamenibeba mabegani kule njiani. Kwa nini?"

"Siwezi kukwambia."

"Unaweza kumdanganya Bibi Laite, na mimi huwezi kuniambia kwa nini?"

"Niulize chochote kingine. Niambie nirudi Navosa, nitarudi. Hilo usiniulize."

"Kwa nini nisiulize? Mimi ni nani kwako?"

Machozi yalikuwa yanamdondoka Unaisi juu ya mikono na hakuyafuta. Waisake aligeuka kwa hasira, na macho yake yakaangukia kwenye cherehani, gauni la harusi limelala juu yake, kiuno kizima, mshono wa kifuani umefumuliwa pande zote na kuongezwa kipande kipya cha vidole vitatu. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akautazama mlango wa nyuma.

Alipokaa tena alikaa taratibu, kama mzee.

"Kijiji hiki kina watu mia mbili," akasema. "Kuna jina moja tu ambalo huwezi kulitaja mbele yangu."

"Waisake..."

"Usilitaje. Mimi sijauliza, na wewe hujasema." Akafunika uso kwa viganja, akakaa hivyo. Alipoviondoa, macho yalikuwa mekundu. "Kila mwezi unalia bafuni ukiuma taulo. Unadhani sisikii?"

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nje, nimeegemea ukuta. Miaka mitano. Sikujua niingie na neno gani."

Unaisi akamwangukia kifuani, na kwa mara ya kwanza wakaulilia pamoja kila mwezi uliowahi kupita, kimya kimya, kwa sababu ukuta ulikuwa mwembamba na barazani watu walikuwa wanaimba.

"Jumapili watajua," akasema Unaisi. "Mama ataniona ninavyofua. Atanirudisha, na hatatoa jino."

Waisake akamfuta uso kwa ncha ya shati lake, akafungua mlango.

Vilimaina alikuwa anakuja na bakuli la supu, kichwa cha mkizi kwenye tui, na kwa mkono wa pili amekumbatia kitambaa kilichofungwa. "Kula kikiwa cha moto," akamwambia Unaisi. Kisha akakifungua kitambaa, na jino la nyangumi likatoka, la manjano, lenye kamba yake nyeusi. "Jumatatu linakwenda kwenu. Wazee wako waambiwe."

"Waambiwe nini, Mama?" akauliza Waisake.

"Kwamba binti yao ana mtoto."

"Hapana. Jino lisibebe habari za mtoto." Alilishika jino upande wake, mama yake kalishika upande wa pili. "Likaseme tumemwomba Unaisi upya. Yeye, jinsi alivyo. Na harudi kwao kwa sababu yoyote. Nipe neno lako hapa, mbele yake, jino likiwa mkononi."

Vilimaina akamwangalia mwanawe kwa mshangao, akacheka, kicheko ambacho nyumba ile ilikuwa haijakisikia tangu afiwe. "Furaha imekuchanganya. Haya. Natoa neno langu. Tumemwomba upya, harudi."

Neno lililotolewa juu ya jino halirudishwi, hata na aliyelitoa. Waisake akaliachia. Unaisi alikuwa ameshika bakuli kwa mikono miwili, na machozi yalikuwa yanadondokea supu.

Mama mkwe wake akachuchumaa mbele yake, akamwondolea nywele zilizomgandama usoni.

"Usijali machozi, mwanangu," akasema kwa upole. "Kulia bila sababu ndiyo dalili yenyewe. Mimi hiyo naijua, hainidanganyi."

Unaisi akanyanyua kijiko, akala.